Baba mkwe aliacha kunywa maji, mpapai ukanawiri: kisa cha MND na choo kule Mbumbuni

Wakuu, hamjambo?

Leo mada ni choo. Kama uko mezani maliza kwanza, uzi hauendi mahali.

Naandika hii kwa sababu ya yule kijana aliyepost jana ati babake amepatikana na MND, na sasa wamempunguzia maji "ili asisumbuke na choo." Nilisoma nikaweka simu chini. Nikaichukua tena. Mimi ni mama mzima, nina wajukuu, na kwa kawaida huwa nasoma tu vile mnagombana halafu nalala. Lakini kwa hii siwezi nyamaza.

Nitasema yenye niliona kwa macho yangu. Sina haja ya kuongeza chumvi, nyinyi wenyewe mtaona chumvi ilikuwa ya kutosha. Majina tu ndiyo nimebadilisha, juu wengine wao bado wako hai na wana smartphone.

Turudi mwisho wa miaka ya themanini, Mbumbuni. Wakati huo huko kwetu Makueni bado tulihesabiwa Machakos.

Bwanangu alikuwa anafanya kazi Mombasa, bandarini. Anakuja akipata off. Mimi, Mama Mwende, nilibaki kwa boma na wazazi wake na dada yake mdogo, Ndinda, ambaye alikuwa anafunza nursery. Mama mkwe nilimwita Mwaitu, vile Mkamba yeyote humwita mama. Baba mkwe nilimwita Nau, yaani baba.

Huyo Nau, wakuu, alikuwa mtu wa hoteli.

Miaka ya sitini mpaka sabini na kitu alikuwa na hoteli ya mabati kule Mtito Andei, chai na mandazi asubuhi, nyama ya mbuzi ya kukaanga mchana. Madereva wa malori wa Mombasa Road wote walimjua. Na alikuwa na sheria moja. Mtu akiketi, kabla hata hajaulizwa anakula nini, glasi ya maji iko mbele yake. Alikuwa anasema mtu ametoka Tsavo na vumbi, utamwongelesha aje na koo imekauka?

Aliporudi nyumbani kuzeeka alirudi na hizo tabia zote. Ukiingia kwake, maji kwanza. Hata kama wewe ni mtu wa kuuza mayai.

Na mshipi! Aki huo mshipi. Ngozi nyeusi, buckle kubwa ya kung'aa, alipewa na dereva mmoja. Suruali imepigwa pasi ya makaa, mshipi umekazwa, ndiyo anatoka nje. Hata kama anatoka kuangalia mbuzi tu. Mwaitu alikuwa anamchokoza, anamuuliza, "Hao mbuzi wamekuandikia barua ya interview?"

Nikikumbuka hiyo boma hivi, natamani kulia na kucheka pamoja. Harufu ya pasi ya makaa, Mwaitu akisuka kikapu cha kiondo mlangoni, Ndinda akiimba nyimbo za nursery na sisi watu wazima tunamjibu. Hatukuwa na kitu, lakini ilikuwa raha.

Sasa ugonjwa.

Ulianza na mkono. Kikombe kikawa kinamponyoka. Halafu mguu wa kushoto ukawa unaburuta. Watu wakasema ni stroke, wengine wakasema amelogwa na mtu wa hoteli jirani ya zamani (ati wivu ya mandazi, baada ya miaka yote hiyo, wueh!). Bwanangu akampeleka Nairobi, na huko daktari ndiye alisema ni motor neuron disease, ndiyo hiyo MND. Alitueleza kwa lugha rahisi, kwamba zile nyaya za mwili zinazopeleka amri kwa misuli zinakufa pole pole. Akili inabaki sawa. Dawa ya kuponya hakuna.

Hiyo ya "akili inabaki sawa" ndiyo mshike, wakuu. Mtu anajua kila kitu kinachomfanyikia.

Choo ya wazee ilikuwa chini kwa mteremko, nyuma ya mkonge. Mtu mzima wa afya anafika akiwa hajamaliza kuwaza. Nau akawa anachukua muda mrefu, na fimbo, na akifika anaanza vita na mshipi. Ile buckle ya kung'aa ikawa adui. Vidole havifungui.

Siku moja kanisani, yeye ni mzee wa kanisa anaketi mbele, mahubiri yakawa marefu. Alijaribu kuinuka, mguu ukakataa. Sitasema zaidi. Mwaitu alimfunika na leso yake wakatoka kwa mlango wa upande, na hakuna mtu alicheka, watu wa kanisa letu walikuwa na adabu.

Lakini yeye hakurudi kanisani tena. Aliketi tu barazani kwake, kwa kiti chake cha mbao chenye mikono, kando ya mpapai, anaangalia barabara.

Subirini kidogo, nageuza chapati.

Nimerudi.

Nyinyi wa siku hizi lazima niwaeleze kitu, la sivyo hamtaelewa. Kuna kitu Wakamba tunaita nthoni. Ni ile haya na heshima kati ya wakwe. Mimi kama mke wa mtoto wake siwezi ingia chumba anacholala Nau. Choo yake si yangu. Nguo zake za ndani sizioni. Na mambo ya haja, kubwa ama ndogo, hayawezi tajwa kati yangu na yeye. Hata neno "choo" lilikuwa kubwa sana, ukilazimika unasema "kule nje."

Kwa hivyo mambo yake nilikuwa nayasikia kwa Ndinda tukiwa jikoni. Kwanza akaniambia Nau hajaenda choo siku nyingi, tumbo ni gumu kama ngoma. Halafu baadaye akaniambia sasa ni kinyume, anahara. Kidogo kidogo, siku nzima, bila yeye kujua. Mwaitu anafua suruali na kuzianika nyuma ya nyumba mahali mimi sipiti.

Mwaitu akafanya yenye mama yeyote angefanya. Akaenda dukani Mbumbuni akanunua dawa ya kufunga tumbo. Akamwachisha mboga. Akamwachisha maharagwe. Akawa anampa wali mweupe na chai ya rangi.

Nau akazidi kukonda. Midomo ikapasuka. Kila asubuhi na kila mchana nilikuwa namletea maji kwa kikombe cha plastiki, naweka kwa mkono wa kiti, naenda zangu. Nikirudi kikombe ni tupu. Nikajua basi maji anakunywa, ni ugonjwa tu unamkausha.

Hapo katikati ndiyo habari ya Ndinda ikaja.

Alikuwa na kijana, mwalimu kutoka Kitui, mtu mpole. Watu wao wakatuma neno kwamba wanakuja kuleta mbuzi za ntheo. Kwa msiojua, bila ntheo msichana wa Kikamba hajaolewa, hata awe na cheti cha kanisa na picha ya keki. Na zile mbuzi haziletewi mtu mwingine. Zinaletewa baba. Baba akiwa hai, anaketi mahali pake, anaonekana.

Nau akasema, "Mimi sitakuwepo. Ndugu yangu ataketi. Waambieni nimeenda Mtito."

Mtito na mguu gani? Kila mtu alijua ni uongo, na kila mtu alijua ni kwa nini. Hakutaka watu wa Kitui wakae mbele yake wasikie harufu.

Ndinda alilia siku hiyo, lakini hakulia vile wasichana wanalia. Alilia kwa hasira. Akasimama mlangoni akasema, "Baba yangu akiwa hai, simpi mtu mwingine kiti chake. Kama hataketi, mimi siolewi. Wacha hao mbuzi wakae Kitui." Na Ndinda akisema kitu, hata ng'ombe wanajua amesema.

Kwa hivyo hiyo ndiyo ilikuwa shida yetu. Mzee hataki kuonekana, msichana hataki kuolewa asipoonekana, na wageni wanaendelea kujipanga kuja.

Sasa mpapai.

Kilikuwa kiangazi kibaya. Mipapai ya shambani yote ilikuwa imeangusha majani, imebaki imesimama kama fimbo za wazee. Asubuhi moja baada ya chai nilikuwa nafagia uwanja, Nau yuko kwa kiti chake. Nikafika kwa ule mpapai wa kando ya baraza. Nikasimama.

Ulikuwa kijani! Majani mapana, mapapai yamejipanga shingoni, moja limeanza kugeuka njano. Nikaangalia chini. Udongo umelowa. Mahali pamoja tu, hapo chini ya mkono wa kiti.

Nikaelewa yote. Haki, nilisikia damu ikipanda kichwani. Kila kikombe nilicholeta, maji niliyobeba mgongoni kutoka mtoni juu punda wetu alikuwa amekufa, mzee alikuwa anakiinamisha tu na ule mkono uliobaki, pwaa, mpapai unakunywa.

Lakini nitasema aje? Nthoni. Siwezi mwambia mkwe wangu "najua unaogopa kukojoa." Afadhali nimeze ufagio.

Halafu nikakumbuka vile nyanyangu alikuwa akigombana na mkwe wake kupitia mbuzi. Anamwambia mbuzi, mbuzi hajibu, lakini mwenye kuambiwa anasikia. Basi nikaendelea kufagia, nikampa Nau mgongo, nikaanza.

"Wewe mpapai," nikasema kwa sauti, "kwani mgonjwa wa hii boma ni wewe? Mbona unakunywa maji ya mwenyewe?"

Nikafagia.

"Nakuuliza wewe. Wenzako huko shambani wanakufa kiu, wewe umenona kama mke wa chifu. Huna haya?"

Nikafagia tena. Nikajua nimeharibu. Halafu nikasikia ile sauti yake, ilikuwa imeshaanza kuwa nzito, maneno yanatoka pole pole.

"Mpapai," akasema Nau, "mwambie huyo anayefagia, mtu akikunywa, lazima itoke. Na kutoka ndiyo shida."

Ngai wangu. Karibu niangushe ufagio.

"Mpapai, muulize mwenye hoteli. Kule Mtito, alikuwa anawanyima madereva chai ndiyo wasiulize choo iko wapi?"

Akacheka! Mara ya kwanza tangu ile siku ya kanisa. Na huu ugonjwa una hiyo tabia, kicheko kikianza hakijui kusimama, kinageuka kilio. Akacheka mpaka akalia, mimi nimempa mgongo, na mimi machozi yananitoka kwa vumbi.

Alipotulia akasema, "Mpapai, mwambie, nilivaa suruali safi maisha yangu yote. Sitaki watu wa Kitui wanione mtoto."

Nikajibu, "Mpapai, mwambie Nau tutatafuta njia. Lakini kwanza aende hospitali, na maji aache kukupa wewe."

Akasema, "Vai thina." Yaani, hakuna shida.

Mpapai haukusema kitu. Ulikuwa umeshiba.

Tukaomba pickup ya jirani, tukampeleka hospitali ya misheni. Mwaitu akaingia naye, sisi na Ndinda tukabaki nje kwa benchi. Baadaye akatoka nurse mmoja mwanaume, mtu wa makamo, akatuketisha sote na Mwaitu.

Akasema, "Mama, huyu hahari. Choo imekauka ndani ikawa jiwe. Ile nyepesi ya juu inapenya pembeni, vile maji hupita kando ya jiwe kwa mtaro. Mkiona hiyo mnasema ni kuhara, mnampa dawa ya kufunga. Mnafunga mlango ambao umefungwa tayari."

Mwaitu akafunika uso na leso. Nurse akamwambia asijilaumu, kila siku anaona hiyo.

Akatueleza na mengine. Kwamba huu ugonjwa mara nyingi hauharibu kibofu chenyewe wala matumbo yenyewe. Unaharibu misuli ya kumfikisha choo, ya kufungua nguo, ya kusukuma. Mtu akikosa kutembea, tumbo nalo linalala. Akikosa maji, choo inakuwa jiwe na mkojo unakuwa mkali, unachoma kibofu, anasikia haja kila saa. Kwa hivyo yule anayekataa maji ili asikojoe ovyo, ndiye anajiongezea kukojoa ovyo. Nau alikuwa na infection tayari, mkojo rangi ya ile chai ya rangi.

Wakamsafisha tumbo, wakampa dawa, tukarudi na masharti. Maji kidogo kidogo siku nzima, na kwa sababu alikuwa ameanza kupaliwa, akunywe ameketi wima, na uji uwe mzito kiasi. Mboga irudi, maharagwe irudi. Papai lililoiva kila siku.

Papai! Niliposikia hiyo nilimwangalia Ndinda tukashindwa kujizuia.

Na kitu kingine, aketi kwa choo kila asubuhi baada ya kula, hata kama hasikii haja, miguu ikanyage kitu cha kuinua magoti. Bila haraka, bila kugongewa mlango. Bwanangu alikuja akatengeneza kiti cha mbao chenye shimo, kikawekwa nyuma ya nyumba, mahali pa karibu.

Ikabaki suruali. Nau akakataa kabisa ile ya lastiki kiunoni, isiyo na mshipi. Akasema hiyo ni ya watoto wa Ndinda wa nursery. Basi nikaenda kwa fundi wa cherehani pale sokoni, nikamweleza bila kumtaja mtu. Akatoa kazi safi sana. Nyuma lastiki, mbele ule mshipi wenyewe umeshonewa na buckle yake yote, lakini ni ya macho tu. Ukivuta suruali, inashuka na mshipi wake umefungwa. Nau alipovaa alijiangalia kwa kioo cha Mwaitu kwa muda mrefu. Akasema fundi alipwe na chai pia.

Na Mwaitu, bila kuambiwa na mtu, akasuka kiondo kipya. Kidogo, chenye kifuniko, rangi nyekundu na nyeusi. Ndani yake kiliingia kitungi cha plastiki chenye mdomo mpana, cha haja ndogo. Nje ni kiondo kizuri tu kama vingine.

Siku ya ntheo ikafika. Watu wa Kitui wakaja na mbuzi zao na mdomo wao (hao watu wanajua kuongea, bana). Wakamkuta Nau ameketi mahali pake, shati nyeupe, buckle inawaka jua. Kiondo kando ya mguu.

Kabla hawajasema lililowaleta, Nau akaita kwa ile sauti iliyobaki, "Maji kwa wageni."

Nikaleta glasi. Wageni wote wakapata, na ya mwisho nikaweka mbele yake. Mwaitu akamshikia. Akakunywa yote, mbele yao, pole pole, mpaka chini. Mimi na Ndinda tulikuwa tunachungulia kwa dirisha la jikoni tumeshikana mikono kama wasichana wa shule.

Katikati ya mazungumzo Nau akasema, "Chai ya dereva!" Hiyo ilikuwa code yao na rafiki yake Kasyoka, mzee wa rika lake. Kasyoka akainuka, akamshika mkono, akachukua kiondo, wakaenda pole pole nyuma ya nyumba. Wakarudi. Suruali kavu, mzee amenyooka.

Mzee mmoja wa Kitui akauliza, "Hicho kiondo hakikuachi, kina asali?"

Nau akamjibu, "Ni biashara ya hoteli. Ukikaa sana utaonyeshwa."

Watu wakacheka, mbuzi zikapokelewa, Ndinda akaolewa. Leo ni nyanya kama mimi na bado anakaa Kitui.

Nau hakupona. Daktari alikuwa ametuambia ukweli. Alirudi kanisani na kiondo chake misimu kadhaa, akala papai kila asubuhi mpaka yote ya ule mti yakaisha. Miguu ikaenda, mkono ukaenda, lakini ile aibu haikurudi.

Na mpapai? Hakuna tena aliyekuwa anaumwagia maji. Kiangazi kilichofuata ulianza kukauka majani, ukaisha kwa shina. Asubuhi moja nikitoka na ufagio nikaukuta umelala chini uwanjani. Nau alikuwa kwa kiti chake anauangalia.

Nikasimama na ufagio wangu. Huo mti ulikuwa umebeba maneno yetu yote. Kila kitu kigumu tulipitishia hapo. Sasa nitaongea na nani?

Nau akaniangalia uso kwa uso. Maneno yalikuwa yamekuwa kazi ngumu kwake, kila moja analitafuta.

"Mama Mwende," akasema. "Mpapai amekufa. Nataka kwenda choo. Niitie Kasyoka."

Nikatupa ufagio nikakimbia.

Miaka yote hii, wakuu, nimesifiwa na watu kwa mengi. Hakuna kitu nimewahi pewa kikubwa kuliko hiyo sentensi.

Kwa yule kijana wa jana: mrudishie baba yako maji leo. Ukiona anahara na hapo awali alikuwa amefunga, usikimbilie dawa ya duka, peleka hospitali kwanza wamguse tumbo. Na mambo yake ya choo yatafutieni namna ya kusemwa kwa nyumba yenu, hata kama ni kupitia paka.

Nimemaliza yangu. Mwenye amewahi kuuguza mtu wa MND, ama yuko nayo sasa, tuambie hapa chini nyinyi mlitumia njia gani. Usione haya, hapa kila mtu huenda kule nje.